Weupe Uliomo Ndani ya Barafu

Mjukuu wangu Zuhura anahudumia vinywaji kwenye baa moja huko Kabeza, hapa hapa Kigali. Juzi alikuja nyumbani akanionyesha kwenye simu yake picha ya glasi tupu. "Babu, unaona nini hapo?" Nikamwambia naona glasi inayongoja kujazwa. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Imejaa barafu, Babu! Pande kubwa kabisa la barafu. Tunainunua, inatoka kwenye mashine." Nikamwambia mimi nilikuwa nikiitengeneza barafu ya namna hiyo tangu mwaka wa tisini na moja, bila mashine, kwa hotpoti ya pilau ya mama yangu. Akaniangalia vile mnavyotuangalia sisi wazee tukianza kujisifu. Baadaye akasema, "Haya, andika. Nitawasomea wenzangu kazini." Basi nawaandikia nyinyi, Zuhura na wenzako, na msinikatize.

Kwanza mjue, ili msije mkaniuliza katikati: sijawahi kuonja kokteli hata moja. Mimi ni Mwislamu wa Biryogo, nimezaliwa kwenye vichochoro vile na nitazikwa karibu navyo. Nimewakatia watu barafu ya vinywaji vyao miaka na miaka, na mpaka leo sijui ile pombe ya jini ina ladha gani. Nasikia inafanana na majani ya mti yaliyopondwa. Sijui kwa nini mtu alipie majani, lakini hilo ni lenu. Mimi nilichokijua ni maji. Maji nimeyatazama kuliko nilivyomtazama mke wangu, na yeye mwenyewe alinilalamikia.

Nyumba nilimofanya kazi ilikuwa Kiyovu. Bwana alikuwa Mzungu, mhandisi wa barabara, wiki nzima yuko nje ya mji. Mkewe tulimwita Madamu tu. Niliajiriwa kupiga pasi na kusaidia jikoni, na siku ya kwanza nilimwambia wazi kwamba chupa za pombe sitazigusa. Nilidhani atanirudisha nilikotoka. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi wewe utagusa glasoni." Glasoni ndivyo walivyoviita vipande vya barafu. Hivyo ndivyo nilivyoipata fani yangu: chupa si zangu, barafu yangu.

Chupa zilikuwa za Mzee Faustin. Huyu alikuwa mtu wa Gahanga, Mkatoliki, mpole, na kazi ya vinywaji alijifunza ujanani katika hoteli moja ya Bukavu, kule Kongo. Ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa chepesi kuliko cha Wanyarwanda wengi wa rika lake. Sijamwona mtu msafi kama yule. Alinawa mikono kabla ya kufungua chupa na akanawa tena akishaifunga. Koti lake jeupe alilifua mwenyewe, hakuniachia mimi, eti nitalichoma. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba glasi hufutwa kwa vitambaa viwili, kimoja kibichi na kimoja kikavu, na kwamba kitambaa kilichowahi kufuta sahani hakirudi tena kwenye glasi hata kikifuliwa mara kumi, kwa sababu mafuta hayasahau. Fanyeni hivyo. Najua hamfanyi.

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya kijinga. Wakati fulani niliweka trei za barafu kwenye friza pamoja na sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, ambao Madamu aliwanunua kwa wingi akawagandisha. Jumamosi mgeni mmoja akanywa, akaacha, akanusa glasi, akanywa tena, akamwuliza mwenzake kama hii ndiyo desturi ya nchi. Faustin alinifuata jikoni machozi yakimtoka kwa kicheko. "Saidi, sha, rafiki yangu, leo umewapa supu!" Kumbe barafu hunyonya harufu ya jirani yake. Ifunikeni, au iwekeni peke yake.

Sasa niwaambie jambo lililonifanya niichunguze barafu, maana mtu hachunguzi kitu bure.

Kwenye shingo za chupa zake Faustin alifunga vipande vya mpira wa baiskeli. Jini kipande kimoja, ramu viwili, wiski vitatu. Nilidhani ni mtindo wa Bukavu. Siku moja nilimkuta akipapasa shingo ya chupa, anahesabu kwa kidole huku amekodoa macho ukutani. Akajua nimeona. Akafunga mlango.

"Saidi, naona," akasema. "Lakini ni kama asubuhi ya ukungu. Rangi naziona, herufi hapana. Usiseme."

Sikusema. Alikuwa akimaliza kazi zake zote sawasawa, sasa niseme nini?

Siku zile za vita na amri za kutotembea, wageni walikuja mchana, saa tisa au saa kumi, ili wawahi kurudi makwao. Jumamosi moja, jua bado kali kwenye kibaraza, mgeni wa kike aliinua glasi yake akaitazama dhidi ya mwanga. Barafu ilikuwa nyeupe katikati kama yai lililochemshwa. Akamwonyesha jirani yake, wakanong'ona, wakaiweka chini. Hawakunywa. Madamu aliona, na uso ukamwiva.

Asubuhi yake akamwita Faustin jikoni. Nilikuwa napiga pasi pale pale.

"Faustin, glasoni iko chafu. Wewe iko nachemsha maji kweli?"

"Ninachemsha, Madamu. Dakika nyingi."

"Glasi je? Labda hauoshi vizuri."

"Ninaosha, Madamu."

"Mwisho wa mwezi Bwana atakuwa na wageni wakubwa. Kama glasoni iko namna hii tena, utaenda. Na barua sitakupa. Siwezi kuandikia watu mtu mchafu."

Nyinyi wa leo mnatuma karatasi zenu kwa simu, hamjui barua ile ilikuwa nini. Mfanyakazi wa nyumbani alikuwa na barua za waajiri wake, anazitunza ndani ya nailoni, na mtu akiiona barua moja imekosekana anauliza: ulifanya nini pale? Lakini kwa Faustin halikuwa suala la kupata nyumba nyingine. Macho yake aliyajua. Madamu alipotoka, alikaa kwenye kigoda akaitazama mikono yake, akasema, "Miaka yote hii, niende nyumbani naitwa mchafu." Nikajisikia vibaya sana, kwa sababu barafu ilikuwa yangu mimi. Yeye alichemsha maji, mimi niligandisha. Nilimwambia nitakwenda kwa Madamu niseme kosa ni langu. Akakataa. "Una mtoto mdogo. Wewe tafuta tu huo uchafu unatoka wapi."

Nikaanza kuutafuta. Nilichemsha maji mara mbili, nikayapoza, nikayachemsha tena. Weupe ukapungua kidogo, haukwisha. Nikayachuja kwa kitambaa cha kilemba, kipya, sijakivaa. Weupe. Nikakinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati baada ya mvua kubwa kuyaosha. Weupe ule ule. Nikachota maji kwa jirani, nikachota nyumbani Biryogo nikayapandisha mpaka Kiyovu kwenye kidumu, watu njiani wananiuliza kama huko kwa Wazungu maji yamekatika. Hakuna tofauti.

Lakini nikaona kitu. Maji yoyote niliyotumia, weupe ulikaa katikati. Kingo za kipande zilikuwa safi, moyo ndio mweupe. Nikajikuna kichwa: uchafu gani huu wenye adabu ya kukaa katikati kila siku? Uchafu wa kawaida huzama chini au huelea juu.

Nikachukua kisu, nikauchonga ule weupe peke yake, nikauweka kwenye kisahani cheupe kabisa, nikakaa nikiungoja uyeyuke. Ulipoyeyuka nikayainamia maji yale mpaka pua ikalowa. Hamkuwa na kitu. Hata chembe. Weupe umekwenda wapi? Nikamwita Faustin nikamweleza, maana kumwonyesha ilikuwa kazi bure.

Akaniambia nitie kipande kingine cheupe kwenye glasi ya maji. Akainama, akaweka sikio juu ya glasi.

"Sikiliza," akasema. "Iko inasema."

Nikaweka sikio langu. Kweli, barafu ilikuwa ikitoa milio midogo midogo, tiki, tiki, kama chumvi motoni. Wiki mbili nilikuwa nimeikodolea macho barafu ile, wala sikuwahi kuisikiliza.

"Hii iko na umwuka ndani," akasema Faustin. Umwuka kwa Kinyarwanda ndiyo hewa, na ndiyo pumzi pia. "Umwuka ulifungwa. Sasa unatoka."

Nilitamani kumbeba. Mzee asiyeona ndiye aliyeuona uchafu wetu, na haukuwa uchafu. Maji yana hewa ndani yake. Katika trei, baridi huyashika kutoka pande zote kwa pamoja, na hewa inarudi nyuma, inarudi nyuma, mpaka inakwama katikati haina pa kutokea. Nilitaka nikamweleze Madamu palepale. Faustin akanishika mkono. "Maneno hatayasikia. Mletee barafu."

Sasa ikawa kazi ya kumtoa huyo umwuka. Nilijaribu kutikisa trei kila baada ya muda. Nikapata barafu nyeupe na mikono iliyokufa ganzi. Nilijaribu maji ya moto. Nikayeyusha nyama ya Madamu, nikatukanwa.

Jibu lilikuja kwa uzembe wangu. Ilikuwa Idi, na mama alinifungia pilau kwenye hotpoti yake, sehemu yangu na sehemu ya Faustin. Tulipokula nikaiosha. Siku ya pili trei zote zilikuwa zimejaa majaribio yangu, basi nikamimina maji yaliyochemshwa ndani ya hotpoti nikaiingiza kwenye friza. Kabla sijaifunika Madamu akaniita kwa pasi, nami nikaisahau wazi vile vile.

Kesho yake asubuhi naifungua friza, natazama ndani ya hotpoti, naona maji. Nikasema, alaa, haikuganda. Nikatia kidole kikagonga kitu kigumu. Ilikuwa imeganda! Tabaka nene lenye unene wa kiganja, na niliona mpaka chini, na huko chini maji yalikuwa bado maji, yana vipovu vidogo vidogo vimejikusanya. Nilikaa sakafuni. Hotpoti inazuia joto lisitoke, na pia inazuia baridi isiingie. Ubavuni haikuingia, chini haikuingia, ikaingia juu tu palipokuwa wazi. Barafu ikashuka pole pole kutoka juu, ikiisukuma hewa mbele yake mpaka chini.

Nilipiga kelele ya furaha mpaka Faustin akaja mbio akijigonga kwenye meza. Akaigusa, akatia kipande kwenye maji, akaweka sikio. Akasema, "Imenyamaza."

Namna ya kufanya ni hii, nanyi mnaweza kuifanya nyumbani bila kununua mashine ya mtu. Chombo kinene cha kuhifadhi joto, kisifunikwe. Maji yaliyochemshwa na kupoa. Siku moja kwenye friza, na hapa ndipo wengi huharibu: msingoje igande yote. Robo ya chini ikiwa bado maji, itoeni, myamwage maji yale, maana hewa yote imekimbilia huko. Ikiganda mpaka mwisho mtapata kitako cheupe, mtakikata kwa taabu. Halafu msiikate hapo hapo. Ikitoka kwenye friza ina ukungu juu, ikiguswa na kisu inapasuka ovyo. Iacheni mezani mpaka ukungu uondoke ing'ae kama imelowa. Kisha kisu cha mkate chenye meno, mkwaruze mstari, mgonge mgongo wa kisu kwa mwiko. Itakatika pale mlipoiambia.

Barafu ya kwanza ilinukia karafuu na iliki. Madamu aliizungusha kinywani akauliza nani amepika ndani ya friza. Nilisugua ile hotpoti kwa limau na majivu, nikaianika juani siku mbili, na mama anauliza chombo chake kiko wapi. Hakukipata tena.

Siku ya wageni wakubwa ikafika. Mchana ule kibaraza kilijaa. Nilikata vipande ishirini, vikubwa kama sanduku la kiberiti lililosimama, nikavipanga kwenye bakuli. Faustin alivaa koti lake, akanyoosha mabega. Nikamwona Madamu akiinua kipande kwa koleo dhidi ya jua, akamtazama mumewe kupitia hicho kipande. Akacheka kama msichana. Nilisema kimoyomoyo, tumeponea hapa.

Faustin akachukua glasi ya kwanza, akatia barafu, akaanza kumimina. Akamimina. Akaendelea kumimina. Kinywaji kikafika ukingoni, kikapita, kikashuka kwenye trei, kikatiririka kwenye gauni la mgeni aliyekaa mbele yake, naye bado anamimina.

Nilielewa nikiwa nimesimama pale na bakuli langu mkononi, na nitaikumbuka saa ile mpaka nife. Ule weupe ndio uliokuwa alama yake. Miaka yote alikuwa akiona ndani ya glasi kitu cheupe, na kinywaji kilipoufunika weupe ule alijua kimetosha. Mimi niliuondoa. Katika wiki zile zote za kuchemsha na kuchuja na kuchonga, niliyauliza maji kila swali, na sikumwuliza Faustin hata siku moja: wewe unapimaje?

Madamu alimshika mkono akamwondolea chupa taratibu. Akaona vipande vya mpira kwenye shingo. Akapunga kiganja mbele ya macho ya mzee, mara moja, mara mbili. Hakugomba. Akamkalisha kwenye kiti cha wageni, jambo ambalo sijaliona kabla wala baada. Tangu siku ile barafu yangu ikasifiwa mji mzima, na mimi kila niliposifiwa niliona aibu.

Faustin alikwenda kuishi kwao Gahanga na binti yake. Nilimtembelea mara kadhaa, nikampelekea sukari, akiniuliza habari za friza kama mtu anayeuliza habari za ndugu. Alikufa kwa homa, kitandani mwake, miezi michache kabla ya ule Aprili wa tisini na nne. Wakamzika kwa utulivu, kwa sala zake zote, watu wake wote wamesimama. Nimemshukuru Mungu kwa hilo mara nyingi kuliko mnavyoweza kudhani.

Lakini nataka niwaambie siku aliyoondoka Kiyovu. Madamu alimpa barua. Alinipa mimi niisome, kwa sababu Kifaransa cha kusoma nilikuwa nacho kidogo, na tukasimama sote watatu kwenye mlango wa jikoni, jua la asubuhi limetupiga. Nikamfasiria: mwaminifu, mvumilivu, anajua kazi yake, anaacha kwa sababu ya macho. Faustin akangoja. "Usafi je? Amesema usafi?"

Nikasoma tena tangu juu. Halikuwepo. Ningeweza kudanganya, angeniamini. Nikamgeukia Madamu, ambaye sikuwahi kumkosoa.

"Madamu, neno la usafi haliko."

"Lakini glasoni sasa iko safi," akasema. "Wewe umetengeneza, Saidi."

"Na ile ya zamani ilikuwa safi, Madamu. Ilikuwa na hewa tu. Maji ya huyu mzee hayakuwa na kitu."

Sijui aliniamini au alimwonea huruma. Akachukua karatasi, akaiweka ukutani kwa kukosa meza, akaandika juu ya mstari wa pili kwa kukandamiza, kwa sababu kalamu ilikuwa haitoi wino vizuri. Nikasoma. Nikamwambia Faustin limeandikwa.

Hakuniambia nimsomee tena. Aliichukua barua, akapitisha kidole gumba juu yake polepole, mstari kwa mstari, mpaka akafika pale karatasi ilipobonyea.

"Ni hapa?"

"Ni hapo, Mzee."

Akakiacha kidole pale pale, akaanza kuteremka ngazi.